Miti Inayosimama Majini: Historia ya Viunzi vya Wagenya

Anayekaa Kabondo, upande wa mashariki wa jiji la Kisangani, hana safari ndefu kufika mahali ambapo mto unaacha kuitwa Lualaba na kuanza kuitwa Kongo. Hapo ndipo lilipo poromoko la saba na la mwisho la Boyoma, na juu ya maji yake yenye povu imesimama miti: magogo marefu yaliyoegemezanishwa matatu matatu, yakaunganishwa kwa mihimili ya kulala, yakakazwa kwa kamba za mwituni, na chini yake ikatungikwa migono, yaani mitego ya samaki ya kufumwa, mirefu kuliko mtu. Picha ya viunzi hivyo vya Wagenya, wavuvi wa mahali hapo, imeuzwa kwenye kadi za posta tangu enzi za Wabelgiji, na maneno yanayoandamana nayo hayabadiliki: uvuvi wa kale, wa asili, uliobaki vilevile tangu zama za mababu. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya, lakini wanamtazama mvuvi na kumsahau mjenzi. Hoja ya makala hii ni kwamba kiunzi cha Mgenya ni kazi ya ujenzi iliyofikiriwa kwa makini, yenye historia yake na mabadiliko yake, na kwamba uimara wake unatoka mahali ambapo jicho la mgeni halitui. Hautoki kwenye ugumu wa mti. Unatoka kwenye uamuzi wa kujenga kitu kinachoyumba kidogo, kinachokubali kuvunjika sehemu bila kuanguka chote, na ambacho waliokijenga wanaweza kukirudishia mguu wake kila maji yanapopungua.

Tuanze na tatizo lenyewe, kwa sababu bila kulielewa hatuwezi kuupima ufumbuzi wake. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yametawanyika katika mwendo wa kilomita 100 hivi kati ya Ubundu na Kisangani, na kwa jumla mto hushuka kiasi cha mita 60. Huo si ukuta wa maji unaoanguka kutoka juu kama ule wa Zambezi. Ni mto mkubwa mno unaobanwa na miamba, ukalazimika kwenda mbio. Maji yaendayo mbio yana hesabu yake isiyo na huruma: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ubao wa mita moja ya mraba uliosimamishwa kukabili maji yanayokwenda mita tatu kwa sekunde hubeba msukumo unaokaribia uzito wa nusu tani. Sasa fikiri juu ya anayetaka kutumbukiza ndani ya mkondo wa namna hiyo chombo chenye mdomo mpana, akiache humo mchana kutwa na usiku kucha, akivute mara mbili kwa siku, na kisiondoke na mto kwenda Basoko. Hawezi kukishika kwa mkono, hawezi kukifunga kwenye mtumbwi, na mwamba ulio karibu hauko pale ambapo samaki hupita. Lazima ajenge kitu cha kukitungikia, tena akijenge katikati ya maji.

Neno la kulishika hapa ni kutungika. Mgono haukupigiliwa kwenye kiunzi, umening'inizwa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka tulinganishe na kazi nyingine iliyo mbali kabisa na uvuvi. Wanaojenga viunzi vya kutungikia shabaha za chuma katika viwanja vya kufundishia bunduki wamefikia kanuni hiyohiyo. Bamba la chuma likikazwa kwa skrubu kwenye nguzo, kila risasi hupiga bamba na nguzo kwa pamoja, na mwishowe kiungo ndicho kinachofumka. Bamba hilo likining'inizwa kwa mnyororo hupokea pigo kwa kuyumba, kisha hurudi mahali pake, na nguzo hupata sehemu ndogo tu ya lile pigo. Mafundi hao huenda mbele zaidi: miguu ya kiunzi huifanya kwa mbao za kawaida za bei nafuu, kwa kuwa wanajua risasi zilizopotea zitaipiga siku moja, na mguu wa mbao hubadilishwa kwa dakika chache. Kinachothaminiwa ni bamba na kiungo chake cha juu, na mguu ni wa kutolewa kafara. Pale Boyoma ni hivyohivyo. Mgono uliotungikwa kwa kamba hujipanga wenyewe kuufuata mkondo, kama bendera inavyoufuata upepo, na matundu ya ufumaji wake hupitisha maji na kubakiza samaki. Gogo likiingia na mafuriko na kupiga mguu mmoja, mguu huo huvunjika, na kazi inayobaki ni kuuweka mwingine.

Kuuweka mwingine si maneno ya mdomoni, na hapa panahitaji kukaa kidogo. Mwamba wa Boyoma una mashimo ambayo hayakuchimbwa na mtu. Ni maji yenyewe, yakizungusha changarawe mahali pamoja kwa miaka isiyohesabika, yaliyoutoboa mwamba mashimo ya mviringo, mengine membamba kama kinu, mengine ya kuingiza gogo zima. Mgenya hakupambana na mwamba. Aliyatafuta mashimo hayo, akayatia miguu ya kiunzi. Kwa hiyo ramani ya viunzi imechorwa na mto kabla ya mwanadamu: mahali penye shimo zuri karibu na mkondo wenye samaki ndipo penye thamani, na mahali hapo hurithiwa ndani ya ukoo kama shamba linavyorithiwa nchi kavu. Kisha kuna hesabu ya miguu mitatu. Meza ya miguu minne ikiwekwa penye mashimo na mabonde hucheza, maana mguu mmoja hukosa pa kukanyaga. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi popote. Juu ya mwamba usio na hata shubiri moja iliyo sawa, miguu mitatu inayokutana juu ndiyo njia pekee ya kuhakikisha kwamba kila mguu umebeba. Maji yakisukuma kutoka upande mmoja, mguu mmoja husukumwa ndani ya shimo lake na miwili huvutwa, na pembetatu haiwezi kubadili umbo bila mti kukatika. Viunzi hivyo vikiunganishwa kwa mihimili ya kulala, kimoja humsaidia jirani yake, na watu hupata pa kutembea juu ya maji kufikia migono iliyo mbali.

Kinachobaki ni kiungo, na kiungo ni kamba. Misitu ya mkoa wa Tshopo imejaa mimea itambaayo, na maarufu kuliko yote ni ile inayoitwa kekele, aina ya henzirani ambayo watu wa Kisangani huitumia kusukia viti, vikapu na vitanda. Ina sifa mbili ambazo msumari hauna: huvumilia unyevu, na hukubali kujinyonga kidogo bila kukatika. Msomaji wa pwani atatambua mara moja mawazo ya namna hii. Mitepe ya Lamu na visiwa vyake ilishonwa kwa kamba za nazi, haikupigwa misumari, na ilisafiri hivyo kwa karne nyingi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza kuhusu majahazi ya kushonwa ya Bahari ya Hindi kwamba chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali cha kamba hulegea na kupona. Baina ya Lamu na Boyoma hakuna haja ya kutafuta ujamaa wa damu wala safari ya siri ya mafundi. Mafundi wawili waliokabiliwa na swali moja, yaani namna ya kuunganisha mbao mahali ambapo maji na mwamba hupigana, wanaweza kufikia jibu moja kila mmoja kwa akili yake. Anayemsifu mshonaji wa mtepe kwa akili hiyo hana sababu ya kumnyima sifa mfungaji wa kiunzi.

Hapo msomaji makini atauliza ushahidi wa zamani uko wapi, kwa kuwa maelezo ya jinsi kitu kinavyofanya kazi leo si historia. Ushahidi upo, ingawa umeandikwa na wageni. David Livingstone, alipokaa Nyangwe mwaka 1871, aliwaandika watu wa mto waliokuja sokoni na mitumbwi yao, samaki na vyungu, kwa jina linalokaribiana na hili tunalolijua. Jina lenyewe, Wagenya au Wagenia, ni umbo lililokaa katika Kiswahili cha misafara. Wenyewe ni Waenya, lugha yao ni Kienya, na makazi yao yameufuata mto wa Lualaba kwa mwendo mrefu, si mji wa Kisangani peke yake. Miaka sita baadaye, Januari 1877, Henry Morton Stanley alipita kwenye maporomoko yote saba akiwa na kundi la Waungwana kutoka Unguja, baada ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, kumwacha na kurudi mwezi Desemba. Alipofika poromoko la saba aliandika alichokiona: nguzo nzito za kusimama, zenye unene wa inchi sita hivi, na kwenye kila nguzo kikapu kikubwa mno kilichofungwa kwa kamba za henzirani. Alikadiria vikapu sitini au sabini kila upande wa mto. Watu wake walivuta nusu dazeni tu wakapata samaki wakubwa 28, mmoja wao akiwa na urefu wa mita moja na uzito wa ratili 17.

Maelezo hayo yana uzito kuliko mwandishi wake alivyodhani. Kwanza yanathibitisha kwamba kazi ilikuwa kubwa, iliyopangwa na iliyogawanywa, kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa hapo. Vikapu mia moja na zaidi katika maji ya kasi vinamaanisha nguzo zipatazo mia moja, kamba za maelfu ya mita, na watu wanaojua ni shimo lipi la nani. Pili, yanaleta pingamizi kubwa dhidi ya picha tuliyoizoea. Stanley anataja nguzo za kusimama. Hasemi miguu mitatu, hasemi mihimili ya kulala, hasemi njia za kupitia juu. Je, viunzi vikubwa vya kadi za posta vilizuka baadaye, labda kwa sababu ya soko la mji wa kikoloni, au hata kwa ajili ya macho ya wageni?

Pingamizi hili lastahili jibu la kweli. Inawezekana kabisa Stanley hakuona vizuri. Alipita hapo akipigana, akiburuta mitumbwi yake kando ya poromoko huku wenyeji wakimchukulia kuwa adui, naye hakukaa muda wa kutosha kuuliza jina la kitu hata kimoja. Inawezekana pia aliona sehemu moja ya kazi na kuiacha nyingine: karibu na ukingo, penye maji mafupi, nguzo moja inatosha, na kiunzi cha miguu mitatu ni cha katikati, penye mkondo mkali. Lakini hata tukimwamini neno kwa neno, na tukikubali kwamba mwaka 1877 palikuwa na nguzo pekee na viunzi vikubwa vikaja baadaye, hoja yangu haianguki. Inazidi kusimama. Maana yake ni kwamba Wagenya walibadilisha ujenzi wao ndani ya muda unaoweza kuhesabiwa, wakatoka kwenye nguzo moja hadi kwenye pembetatu, wakaongeza mihimili, wakasogea mbele kuelekea maji ambayo awali hayakufikika. Watu wanaofanya hivyo si walinzi wa desturi iliyoganda, ni wajenzi. Maneno “uvuvi usiobadilika” yanakanushwa na shahidi wao mkuu.

Ulinganisho na majengo ya wageni wenyewe ni wa kufundisha. Stanley alirudi Desemba 1883, akaanzisha kituo kwenye kisiwa karibu na maporomoko, akamwachia Mskochi mmoja fundi mitambo aitwaye Binnie. Kituo hicho hakikumaliza miaka mitatu: Agosti 1886 kilichomwa moto na kuachwa, katika vita kati ya maofisa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji na watu wa Tippu Tip. Februari 1887, kwa mapatano yaliyofanyika Unguja, Tippu Tip akawekwa kuwa liwali wa hapo kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na kupitia watu wake Kiswahili kikapiga mizizi kwenye ukingo wa mto. Utawala wake nao ukaondolewa na vita vya 1892 hadi 1894. Kisha ikaja reli: mwaka 1906 njia ya kutoka ukingo wa kushoto, ilipo leo komini ya Lubunga, ilifika Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, kilomita 125 hivi, kazi yake ikiwa moja tu, kuyakwepa maporomoko. Mji ukaitwa Stanleyville, na mwaka 1966 ukarudishiwa jina la Kisangani. Katika muda wote huo, wakati kila utawala ulikuwa ukijenga kwa matofali na chuma kwa nia ya kudumu, Wagenya walikuwa wakijenga kwa miti wanayojua wazi kwamba itaoza, na uvuvi wao haukukatika. Ikumbukwe pia kwamba mji uko hapo kwa sababu ya poromoko lilelile. Meli za kutoka Kinshasa, baada ya mwendo wa kilomita 1,700 na zaidi, haziwezi kupita hapo. Mahali palipokuwa kizuizi kwa msafiri palikuwa ghala kwa mwenyeji.

Kuna pingamizi la pili, na hili ndilo linalosemwa zaidi na vijana wa mjini: Wagenya wanatumia miti na kekele kwa sababu ya umaskini, na wangekuwa na fedha wangeweka vyuma. Sitaki kulikataa moja kwa moja, kwa kuwa umaskini ni kweli na kuupamba ni dhambi ya mwandishi. Kukata magogo, kuyaleta kwa mtumbwi, kuyasimamisha kwa mikono ya watu kumi au ishirini penye maji yanayoweza kumchukua yeyote, ni kazi ya hatari, na hakuna haki ya kumtaka mtu aendelee na hatari ili sisi tufurahie urithi. Lakini hoja ya umaskini haielezi mambo kama inavyopaswa. Chuma hakikuwa kigeni kwa watu wa bonde la Kongo, ambako wahunzi walifua majembe na mikuki kabla ya meli ya kwanza. Tangu 1906 pamekuwa na reli, vyuma chakavu na karakana upande wa pili wa mto. Tatizo la chuma ni jingine. Nguzo ya chuma haikubali shimo lililo tayari. Inahitaji mwamba utobolewe, saruji imwagwe, na saruji haimwagwi ndani ya mkondo. Ikipigwa na gogo la mafuriko hupinda, na nguzo iliyopinda haiondoki: inabaki hapo ikinasa kila takataka inayoletwa na mto, mpaka ing'olewe kwa mashine ambayo haipo. Mti uliovunjika huondoka wenyewe, na mwingine uko msituni. Jiji la Kisangani linajua vizuri jambo hili kwa upande mwingine: kituo cha umeme cha mto Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950, ni kazi nzuri ya chuma na zege, lakini mtambo wake ukiharibika hungoja kipuri kutoka mbali, na mitaa hukaa gizani. Sisemi kwamba umeme ungetengenezwa kwa kekele. Nasema kwamba uimara una maswali mawili, na tumezoea kuuliza la kwanza pekee. La kwanza ni: kitu hiki kitavunjika lini? La pili ni: kikivunjika, nani atakitengeneza, kwa kitu gani alichonacho mkononi, na kwa siku ngapi? Kiunzi cha Mgenya kinashindwa swali la kwanza kila mwaka na kushinda la pili kila mwaka.

Swali hilo la pili linatupeleka kwenye sehemu ya kiunzi isiyoonekana kwenye picha, nayo ni watu. Kamba na gogo havijipangi. Pana haja ya kujua maji yatashuka lini na kwa muda gani, ni nani ataingia majini kwanza, ni nani atashika kamba ya usalama ya mwenzake, na samaki watagawanywaje. Ujuzi huo unahitaji jamii iliyoshikamana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba pasipo mchoro hapana uhandisi. Mchoro ni njia ya kuhifadhi ujuzi pale ambapo mjenzi wa leo hatakuwa pamoja na mjenzi wa kesho. Mahali ambapo mjukuu anasimama kando ya babu yake kwenye kiunzi kilekile, akikabidhiwa shimo lilelile, ujuzi una daftari jingine. Mwanaanthropolojia Mholanzi André Droogers, aliyeishi Kisangani, alifuatilia jando la Wagenya la mwaka 1970 na kutoa kitabu juu yake mwaka 1980. Kitabu hicho hakihusu viunzi, lakini ni shahidi wa jambo tunalolihitaji: ndani ya mji uliokwisha kupitia ukoloni, uhuru na vita vya miaka ya 1960, jamii hii ilikuwa bado na uwezo wa kukusanya vijana wake na kuwafundisha kwa pamoja. Jamii iliyopoteza uwezo huo ingeshindwa kusimamisha kiunzi hata ikipewa magogo bure.

Hilo pia linaonyesha udhaifu wa daftari la namna hii, na ni haki kuutaja. Ujuzi ulio kichwani na mikononi unaweza kukatika katika kizazi kimoja. Kijana wa Kigenya anayeendesha pikipiki ya abiria kati ya Kabondo na katikati ya jiji, au anayesoma sheria chuoni, hajawasaliti wazee wake. Ametafuta riziki kama kila mtu. Lakini kila mmoja anayeondoka ni ukurasa unaochanwa, na msitu ulio karibu na jiji lenye watu zaidi ya milioni moja hautoi tena gogo refu kwa urahisi kama zamani, kwa kuwa miti inaliwa na makaa na mbao. Kiunzi kinachotegemea kutengenezwa upya kinategemea mambo mawili yasikatike, miti na watu. Hiyo ndiyo bei ya aina yake ya uimara, na anayekisifu bila kuitaja bei hiyo anasifu nusu.

Lipo pingamizi la mwisho, kwamba viunzi vimegeuka maonyesho. Ni kweli kwamba mgeni anayefika poromoko la saba hulipa ili apande mtumbwi na kupiga picha, na kwamba migono huvutwa mbele yake kwa madaha. Sioni aibu ndani ya jambo hilo. Lakini onyesho haliwezi kueleza umbo la kitu. Kama kiunzi kingekuwa cha kutazamwa tu, kingejengwa mahali salama karibu na ukingo, kingekuwa kifupi na chepesi, na mgono usingekuwa na haja ya kufumwa kwa upana unaoachia samaki wadogo waende zao na kuwabakiza wakubwa. Umbo lake bado linamtii samaki na mkondo, na anapopatikana samaki aina ya kapiteni au mbenga wa kutosha, mteja wake wa kwanza ni mwanamke wa mjini mwenye beseni kichwani. Na huo uteuzi wa wakubwa si jambo dogo. Katika mito mingi ya Afrika, nyavu za matundu madogo zinakomba hata vifaranga. Mgono mpana wa Boyoma, bila sheria ya wizara yoyote, umekuwa ukiviacha vifaranga vipite tangu kabla Stanley hajaja kuhesabu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wale wenye vipimo na kalamu. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963 kikiwa Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kina wanafunzi wake jijini humo, na kutoka kwenye madarasa yake hadi poromoko la saba ni mwendo wa pikipiki. Maji yatakaposhuka tena, waende na kamba ya kupimia, wapime kina cha mashimo na unene wa magogo, wachore kila fundo kwa jinsi lilivyofungwa, na waandike kwa Kienya jina la kila mti, kila kamba na kila sehemu ya kiunzi, wakiwataja wazee waliowafundisha kama wanavyowataja walimu wao. Kazi hiyo haingoji fedha nyingi. Inangoja maji yapungue, na kila mwaka hupungua.